Nyumba ya urithi Mji Mkongwe inatushinda: tuuze, tuvunje au tuikarabati?

binti_kajificheni:
Assalaam alaykum jamani, na wengine wote habari zenu. Naomba ushauri hasa kwa nyie mlioko Unguja au mliowahi kukaa kwenye nyumba za mawe. Tuna nyumba ya familia Mji Mkongwe, upande wa Kajificheni, ghorofa mbili, babu aliinunua kabla ya Mapinduzi na kwa bahati haikuchukuliwa. Sasa warithi tumekuwa wengi, kuna walioko Dar, kuna walioko Maskati, anaekaa pale ni shangazi tu na wapangaji chini. Nyumba imechoka. Ukuta wa upande wa uchochoroni umetuna tumbo, yani ukisimama chini ukatizama juu unauona kabisa umetoka nje, na kule juu chooni plasta inabanduka vipande vizima, nyuma yake udongo umeroa na mawe unayatoa kwa kidole. Huko nyuma baba mdogo alileta fundi akapiga saruji ndani na nje, ikapendeza kweli, watu wakasifu, masika mbili tatu zikapita ikaanza kupasuka na sasa hali ni mbaya kuliko kabla ya huyo fundi.

Familia haielewani. Walioko nje wanasema iuzwe, kuna mtu wa hoteli anaitaka. Kaka zangu wanasema tuvunje tujenge ya matofali na zege tupangishe, mana mbona fulani kavunja na fulani kaweka madirisha ya alumini na hakufanywa kitu. Shangazi anasema yeye hatoki mpaka atolewe na jeneza. Na juzi kaja dalali hataki hata nyumba, anataka mlango tu, ule wa mbele wa kuchonga, bei aliyotaja ilimfanya baba mdogo akae kitako.

Najua Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000 na kuna Mamlaka ya kuuhifadhi mji na vibali na nini. Lakini mimi nauliza kibinadamu, inafaa kuhangaika na nyumba hii au tunajitesa tu? Na kama inafaa, naanzia wapi?

Kkoo_Msimbazi:
Pole sana dada angu. Mi niko Dar, nimezaliwa Kariakoo kwenye zile nyumba zetu za Kiswahili, baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba sita huku na huku, uani jiko na choo na mbuzi wa mtu. Nyumba ile haipo tena. Ndugu walikaa wakaingia mkataba na tajiri akashusha ghorofa, sisi tukapewa fleti, maisha yakasonga. Ukipita mitaa ya Kariakoo leo zile nyumba unazihesabu, na sioni aliyekufa kwa kuzikosa. Watu wanakwambia hifadhi hifadhi, hao hao hawachangii hata mfuko wa saruji. Uzeni mgawane, shangazi mnunulieni nyumba nzuri Fuoni au Kwerekwe yenye hewa, asipande ngazi uzeeni.

fundi_wa_chokaa:
Kkoo nakuheshimu ila hapo kwenye mfuko wa saruji ndipo ugonjwa ulipoanzia kwa huyu dada, usimuongezee mwengine 😂

Dada Kajificheni nisikilize, mimi kazi yangu ni hii, nimefundishwa na mzee wangu. Nyumba ya Mji Mkongwe sio ya matofali. Ukuta wake ni mawe ya matumbawe yamepangwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene unafika nusu mita na zaidi, na ukuta huo kazi yake kubwa mbali na kubeba ni kupumua. Mvua ikipiga unakunywa, jua likitoka unatoa. Chokaa inaruhusu hayo. Saruji hairuhusu. Ukishaupaka saruji maji yanaingia kwa juu, kwenye nyufa, kwenye bomba la choo, yanakosa pa kutokea, yanakaa ndani yanayeyusha ule udongo, na chumvi inasukuma plasta kwa nyuma mpaka inabanduka na uso wa jiwe. Ndio hayo unayoyaona. Tumbo hilo la ukuta ni kwamba ndani kumekuwa kutupu, ngozi ya nje imeachana na ya ndani.

Kwahiyo unapouliza uanzie wapi, usianze na ukuta. Anza na maji. Panda juu kwenye bati utizame wapi limetoboka, mifereji imeziba wapi, yale mabomba ya plastiki waliyoyatoboza ukutani yanavuja wapi, na hicho choo cha juu hasa. Nyumba nyingi zinazoanguka mjini wala haziangushwi na uzee, zinaangushwa na choo cha ghorofani kilichowekwa mahala hapakuwa na choo. Ukishayakata maji, huo ukuta utizamwe na mtu wa Mamlaka au injinia anaezijua nyumba hizi, upigiwe mihimili ya kuuzuia kwa muda, halafu saruji ibanduliwe pole pole, sio kwa nyundo kubwa, na ukuta uachwe ukauke. Unakauka kwa miezi, hapo ndipo wenye haraka wanaposhindwa. Baadae ndio unajazwa vijiwe na chokaa, unaunganishwa, unapigwa plasta ya chokaa.

Kitu cha pili, tizama vichwa vya boriti. Boriti za mikoko zikiwa kavu zinakaa miaka na miaka, zinaoza pale zinapoingia ukutani kwenye unyevu. Chukua bisibisi uchokoe, ikizama ujue. Usimruhusu mtu akutolee sakafu ya boriti akumwagie zege na nondo juu ya ukuta wa matumbawe, ule uzito ukuta haukuumbiwa. Boriti za mikoko zenyewe sku hizi tabu kuzipata na misitu ya mikoko inalindwa, sisi tunatumia mkaratusi uliotiwa dawa, inakubalika.

Kkoo_Msimbazi:
Sawa fundi nimekaa chini 😅 lakini hujajibu la pesa.

fundi_wa_chokaa:
La pesa sikulijibu kwasababu sijaiona nyumba, na anaekupa bei bila kupanda juu ya bati mkimbie. Ninachokijua ni kwamba kukata maji sio ghali. Kinachokuwa ghali ni kusubiri.

mvita_mzaliwa:
Mimi niko Mombasa, Mji wa Kale, Kibokoni. Kkoo hiyo hesabu yako ya "maisha yakasonga" mwenzangu ni hesabu ya alie ndani ya ghorofa. Muulize alie ubavuni mwake. Huku kwetu Mji wa Kale umetangazwa eneo la hifadhi tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini, sheria zipo, ofisi ipo, na bado tumeamka asubuhi tukakuta jirani kavunja usiku kabla mtu hajasema kitu. Likapanda jengo la orofa sita kwenye kichochoro ambacho mkiwa wawili mmebeba godoro lazima mmoja arudi nyuma. Sisi tulikuwa na roshani ya mbao inapata upepo wa bahari, mama zetu wakikaa pale baada ya alasiri na kahawa, sasa roshani inatizama ukuta wa saruji na bomba la maji machafu la watu. Chumba cha chini taa inawashwa mchana. Kisima chetu kimeharibika mana mfumo wa maji taka ni ule ule uliokuwa wa familia moja leo unabeba familia ishirini.

Hizi nyumba zilijengwa kwa kujuana. Vichochoro vyembamba ni kwa ajili ya kivuli, urefu unalingana ili upepo upite juu, mlango haukabiliani na mlango wa jirani ili watu wapate sitara. Ukivunja moja umewavunjia na wengine sheria yao. Na Kajificheni kama ninavyoikumbuka nyumba zimeegemeana, dada ukivunja yako usishangae ya jirani ikakufuata.

binti_kajificheni:
Ya Rabi, hilo la jirani sikuliwaza kabisa! Ukuta mmoja kweli tunatumia pamoja. Ntawaambia kaka zangu.

mtoto_wa_miembeni:
Mimi nina la kwangu tofauti kidogo, msinikasirikie. Kila ukifunguliwa uzi wa nyumba za zamani Zanzibar ni Mji Mkongwe, Mji Mkongwe, milango, roshani. Sawa. Lakini Wazanzibari wengi hatukukaa huko, tulikaa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya mji wa mawe. Miembeni, Kikwajuni, Mwembetanga, Kisimamajongoo, Vikokotoni. Nyumba za udongo na miti zikapakwa chokaa, bati juu, baraza mbele ambayo kila jioni ni bao, kahawa, na siasa. Baada ya Mapinduzi zikaja fleti za Kikwajuni kwa msaada wa Wajerumani Mashariki, kisha Michenzani, mitaa mizima ikakatwa katikati kupisha yale majengo marefu. Mimi siyatukani yale majengo, watu walipata umeme na maji ya bomba kwa mara ya kwanza, na leo hata Michenzani yenyewe ni ya zamani na ina watu wanaoipenda. Ninachosema ni kwamba nyumba ya Ng'ambo ikivunjwa hakuna anaeandika uzi. Hakuna kibali, hakuna fundi wa chokaa, kuna tajiri na lori la mchanga. Na baraza inaondoka ya kwanza mana kila mtu sku hizi anajenga ukuta na geti mpaka mwisho wa kiwanja, mwisho anabakisha msumari wa kufungia mbwa.

Dada hii sio dhidi yako. Nyinyi mna sheria inayowalinda na bado mnateseka, ndio nasema tu.

fundi_wa_chokaa:
Miembeni umesema kweli na hakuna wa kukukasirikia. Mimi mwenyewe nalala Kwaalimsha, mji wa mawe naenda kazini tu 😂

bi_mkomani:
Salamu kutoka Lamu wanangu. Mimi mama yenu mtu mzima nasoma tu kwa kawaida lakini leo nimeona niingie. Huku kwetu Mkomani tuliingizwa urithi wa dunia 2001, mwaka mmoja baada yenu, na nyumba zetu nyingi hazikuvunjwa alhamdulillah. Ukija utazipenda, zidaka, vile vishimo vya kuwekea vitu ukutani, zimesimama, daka, ukumbi wa mlangoni, limefagiliwa, wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia, iko pale pale. Lakini ziulizeni zina nani ndani. Nyumba kadhaa mtaani kwangu zimenunuliwa na wageni, wamezikarabati vizuri kuliko sisi tulivyoweza, chokaa safi, mbao safi, sina la kuwalaumu kwenye kazi. Wanakuja mwezi wa Disemba, wanaondoka, inabaki kufuli na askari. Zamani nikipika pilau nilikuwa najua nipeleke kombe kwa nani, kulia na kushoto na nyumba ya mbele. Sasa kushoto kuna kufuli. Watoto wetu walipouza walikwenda kujenga kule nyuma mlimani kwenye mchanga, nyumba za matofali zina joto, wanakuja kwangu mchana kupumzika kwasababu kwangu kuna baridi.

Kwahiyo binti, huyo wa hoteli hatavunja nyumba yenu, ataitunza na itapigwa picha. Wala sikwambii usiuze, njaa haina adabu. Nakwambia ujue unauza nini. Mtaa ukiwa wote hoteli, adhana inasomwa na wa kuitika hawapo, duka la kuuza kibiriti na mkate halipo, yamebaki maduka ya vinyago.

Na huyo shangazi yako msimfanye ni tatizo kwenye mazungumzo ya mirathi. Nyumba yenu ingekuwa imeshaanguka siku nyingi kama sio yeye anaefungua madirisha asubuhi na kuweka ndoo pale panapovuja.

Kkoo_Msimbazi:
Shikamoo bi mkubwa. Hapo kwenye kombe la pilau umenigusa, mana kwenye fleti zetu mi jirani yangu wa mlango simjui jina, namjua kwa viatu. Ila naomba niulize kitu kwa heshima, serikali na hao UNESCO wako wapi? Mnaambiwa nyumba yenu ni ya dunia nzima, halafu bili ni ya shangazi.

fundi_wa_chokaa:
Swali zuri na linatuuma wote. Jibu fupi, kuwekwa kwenye orodha ya urithi hakuji na fedha za kutengenezea nyumba ya mtu. Fedha za wafadhili zimekwenda zaidi kwenye majengo makubwa, mfano ile Ithnaashara, jengo la zahanati ya zamani pale Malindi, ilirudishwa vizuri sana na taasisi ya Aga Khan miaka ya tisini, na Forodhani ikafuata, ikafunguliwa upya 2009. Ni kazi nzuri na mafundi wengi tulijifunzia huko. Lakini mji sio majumba matano. Mji ni hizi nyumba za kina shangazi. Na hata hayo makubwa hayako salama, Beit al-Ajaib iliyojengwa 1883 sehemu yake iliporomoka siku ya Krismasi 2020 ikiwa kwenye matengenezo na ikauwa watu wawili. Kama jumba la sultani lenye macho yote ya dunia linaweza kushuka vile, sasa uchochoroni kwetu nani atajua.

Kingine ni historia. Baada ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa, zikapewa watu kwa kodi ndogo sana, nyengine ziko chini ya wakfu mpaka leo na kodi yake haitoshi hata kupaka rangi. Mpangaji hatengenezi kwasababu sio yake, mwenye nyumba hatengenezi kwasababu haimlipi. Mamlaka ya Mji Mkongwe ilianzishwa 1985 ikikuta hali hiyo, ikaja na mpango wake miaka ya tisini wa kila jengo lifanyiwe nini na lisifanyiwe nini. Mpango mzuri tu. Ila karatasi haizibi bati.

binti_kajificheni:
Nimesoma zote mara mbili mbili na nimemsomea shangazi kwa simu, bi Mkomani anakusalimu sana na amesema pilau kwao ni kwa bilauri ya mtindi sio kachumbari 😂 

Sasa naomba nimalizie mambo mawili. La kwanza, warithi. Walioko Maskati hawataki kutoa hata senti mpaka wajue wanapata nini. La pili huo mlango. Baba mdogo anasema kwanini tusiuze mlango, zile pesa ndio zitengeneze bati na ukuta, tuweke mlango wa kawaida mana hata hivyo kitasa kimekufa. Na mimi kusema ukweli mara nyengine naona ana hoja. Mlango wenyewe fremu imechongwa maua yanapanda mpaka kwenye kizingiti, kule juu kuna maandishi ya Kiarabu yameliwa na rangi ya mafuta waliyoipaka, mfaa, ule mti wa katikati ya mbao mbili, uko mzima, misumari ya shaba imebaki upande mmoja tu, ule mwengine watu walishaing'oa.

mvita_mzaliwa:
Musiuze mlango! Huku kwetu milango imeondoka hivyo hivyo, mmoja mmoja, mingine sasa ni meza za vioo kwenye nyumba za watu. Mlango ukitoka nyumba inakuwa ghala.

fundi_wa_chokaa:
Baba mdogo mwambieni hivi kwa hesabu zake mwenyewe. Kwanza ule mlango ni sehemu ya jengo, kuung'oa kunataka kibali kama kubadilisha dirisha au kuongeza ghorofa, asije akauza akajikuta ofisini. Pili ile fremu haikupachikwa baadae, imejengewa ndani ya ukuta na juu yake kuna mawe yanaikalia. Mkiitoa kwenye nyumba yenye ukuta umeshatuna tumbo mtakuwa mmeondoa mguu wa kitanda na mtu kalala juu. Tatu huyo huyo wa hoteli anaetaka kununua nyumba, siku akikuta hakuna mlango anakata bei mara mbili ya alichowapa dalali.

Rangi ya mafuta hiyo inatoka, taratibu, kwa dawa na kijiti cha mbao sio kwa msasa. Ila hiyo kazi ya mwisho kabisa. Kwa sasa upigeni picha kila upande, maandishi yale hasa, mara nyingi kuna mwaka wa Hijria na jina la alieujenga, na picha hizo zipelekwe Mamlaka mkiomba ukaguzi.

Kuhusu Maskati, watumieni video. Sio maneno. Shangazi asimame pale chooni apige video boriti inavyomegeka, wataelewa kwamba kusubiri nako kunakula fungu lao.

bi_mkomani:
Na mukae kitako muandikishane. Familia yetu tulikubaliana vyumba vya chini vipangishwe kwa wenyeji, kodi yote isiguswe na mtu iwe ya matengenezo, na mmoja tu ndie mwenye daftari. Mwanzo walinuna. Wakaja wakazoea. Ni kodi ndogo lakini bati tumebadilisha na hatukuomba mtu.

Kkoo_Msimbazi:
Bi mkubwa mbona hilo la daftari ungelisema mwanzo, mi ningenyamaza zamani. Dada mwenye daftari awe shangazi.

binti_kajificheni:
Shangazi hajui kusoma herufi zetu, anaandika za Kiarabu 😂 lakini hesabu haikosei hata thumuni. Nimemwambia, kasema ikiwa daftari ni lake basi la kwanza kutengenezwa ni choo cha juu, na yule fundi wa saruji asionekane hata mlangoni. Fundi wa chokaa naomba unitumie ujumbe faragha, Jumamosi nipo mjini, uje na bisibisi yako.

fundi_wa_chokaa:
Nishatuma. Jumamosi baada ya adhuhuri inshallah. Muwe na ngazi ndefu, na mwambie mpangaji wa chini atoe vitu vyake kwenye ule ukuta wenye tumbo leo hii, asisubiri Jumamosi, na watoto wasicheze uchochoroni upande ule.